Akili ya Mfanyakazi ni Mali ya Nani?

Mtu akiajiriwa, hutoa mikono yake kwa saa zilizopatanwa, naye hupewa ujira. Jambo hilo laeleweka na wote. Lakini mikono haiji kazini peke yake. Pamoja nayo huja macho yaonayo, masikio yasikiayo, na akili ijiulizayo: "Kwa nini kazi hii hufanywa hivi? Je, haiwezekani kuifanya vizuri zaidi?" Swali hilo la ndani bwana wa kazi hakulinunua, wala halikutajwa siku ya kupatana mshahara. Basi ni mali ya nani? Tena ni nini kiwafanyacho wafanyakazi wengine kuleta mawazo mapya kila mara, na wengine kunyamaza miaka yote, hali wote wamepewa akili?

Wako wasemao kwamba watu wa vijijini hawapendi mambo mapya, kwamba hufuata tu walivyofundishwa. Neno hilo si kweli, na barabara za Kivu ya Kaskazini zinalikanusha kila siku. Atazamaye njia zishukazo kuelekea Goma ataona chukudu, yaani chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kikibeba viazi, makaa na magunia ya maharagwe, uzito wa mamia ya kilo. Hakuna mhandisi aliyekuja kutoka ng'ambo kukibuni. Maseremala na wachukuzi wenyewe ndio waliokiunda na kukitengeneza kidogo kidogo: huyu akafunika magurudumu ya mbao kwa mpira wa magari makuukuu, yule akaweka breki ya kukanyagwa kwa mguu, mwingine akatia mahali pa kuegemeza goti. Watu wa Goma walikiona chombo hicho kuwa cha heshima hata kikasimamishiwa sanamu katika njia panda ya mji.

Kwa nini mchukuzi wa chukudu hufikiri sana juu ya chombo chake? Kwa sababu kikivunjika mteremkoni, anayeumia ni yeye, na kikibeba gunia moja zaidi, anayekula faida ni yeye. Hapana mtu wa kumcheka wala wa kumkataza. Basi akili ipo. Yatupasa kuuliza inapotelea wapi mtu yuleyule anapoingia katika kazi ya mwingine. Mfano mmoja kutoka Masisi wafaa kuangaliwa kwa utulivu.

Katika nyanda za juu za Masisi majani ni mengi na hewa ni ya baridi, kwa hiyo ng'ombe hupata malisho mema. Lakini Goma, penye soko kubwa, iko mbali kiasi cha kilomita 80 kutoka Masisi mjini, na mvua ikinyesha barabara hugeuka tope. Maziwa hayawezi kungoja tope likauke. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1970 mapadre Wabelgiji waliwafundisha watu wa huko kutengeneza jibini, ambayo wengi katika Kongo huiita fromaji. Hivyo maziwa ambayo yangeharibika njiani yakawa chakula kigumu, kiwezacho kukaa majuma mengi na kusafiri mbali. Vita vilizuka mwaka 1993, vingine vikafuata. Ng'ombe wengi sana waliibwa na kuchinjwa, watu wakakimbia makwao. Hata hivyo kazi ya jibini haikufa, maana ilikuwa imekwisha kukaa mikononi mwa watu.

Kazi yenyewe mara nyingi hufanyika katika nyumba ndogo ya mbao, bila umeme. Maziwa hupashwa moto juu ya kuni mpaka yawe vuguvugu tu, kisha hutiwa dawa ya kugandisha. Yakisha kuganda, mgando hukatwakatwa ili maji yake yatoke. Halafu hutiwa katika vyombo vya mviringo, hukandamizwa, na kuwekwa katika maji ya chumvi. Mwishoni madonge hupangwa juu ya mbao, yageuzwe siku kwa siku mpaka yakomae.

Sasa msomaji amfikirie kijana mmoja aliyeajiriwa kuyageuza madonge hayo. Kila asubuhi huyashika moja moja. Baada ya miezi kadhaa ameona jambo ambalo hakufundishwa na mtu: madonge yaliyo karibu na mlango hupasuka ngozi, na katika nyufa huingia ukungu, yaliyo pembeni, penye unyevu, hayapasuki. Akawaza moyoni kwamba upepo wa mlangoni huikausha ngozi upesi mno kabla ya ndani kukauka. Akawaza tena kwamba madonge mapya yangewekwa mbali na mlango, na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, hasara ingepungua. Mwenye shamba anakaa Goma, huja mara moja kwa mwezi. Je, ni nani aujuaye upepo wa mlango ule kuliko kijana huyu?

Siku ya bwana kuja, kijana anasema neno lake. Hapo mambo matatu yaweza kutukia.

Bwana wa kwanza anacheka na kusema, "Wewe umeajiriwa kugeuza, hukuajiriwa kufikiri." Wenzake nao wanacheka. Kijana anarudi penye mbao zake, na tangu siku hiyo hugeuza tu. Ataona mengine mengi, lakini hatayasema.

Bwana wa pili anasikiliza kwa makini, hasemi kitu. Mwezi ufuatao anaamuru madonge yahamishwe, hasara inapungua, faida inaongezeka. Anapowaeleza rafiki zake, husema, "Mimi niliona jambo moja." Mshahara wa kijana ni uleule, jina lake halitajwi. Huyu naye hatasema tena, na pengine uchungu wake ni mkubwa kuliko wa yule aliyechekwa.

Bwana wa tatu anauliza, "Umeonaje hata ukajua hivyo?" Anakwenda mlangoni, anayashika madonge, anatazama nyufa. Kisha asema, "Chukua madonge matano, uyafanye unavyosema. Mengine yabaki kama desturi. Nikirudi tutalinganisha." Kama madonge matano yakiharibika, hasara ni ndogo, na bwana ameikubali mapema. Kama yakiwa mazuri, wafanyakazi wote watajua ni nani aliyeona.

Vijana hao watatu ni mtu mmoja. Akili yao ni moja, na bidii yao ni moja. Kinachotofautiana ni mahali walipowekwa. Kutoka mfano huu mtu aweza kuyatoa mambo matano yafunguayo au yafungayo akili ya mfanyakazi.

Jambo la kwanza ni ujuzi. Asiyeijua kazi hawezi kuitengeneza. Kijana aliuona ufa kwa sababu aliyashika madonge kila siku kwa uangalifu. Mfanyakazi aliyefundishwa sababu za kazi, si amri zake tu, huona upesi palipo na kasoro. Aliyeambiwa, "Tia dawa kiasi hiki," hutia kiasi hicho hata siku ya baridi kali. Aliyeelezwa kwamba dawa hufanya kazi katika uvuguvugu, hukumbuka kuyagusa maziwa kwanza.

Jambo la pili ni sikio la mkubwa. Kuuliza si ujinga, lakini kicheko kimoja cha mkubwa huweza kuyazika maswali ya mtu mdogo kwa maisha yake yote. Katika Tanganyika, mwaka 1963, alikuwako mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari ya Magamba, jina lake Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Siku moja Mpemba, akiogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia maziwa yake yangali moto. Alipotazama baadaye, yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa hayana moto. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na likawa jambo la mzaha darasani. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa huko Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akauliza tena, wanafunzi wakacheka tena. Lakini Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni aliagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walitangaza habari yake pamoja katika jarida la walimu wa fizikia. Wataalamu wanabishana hata leo juu ya sababu zake, na wengine juu ya jambo lenyewe, nao huliita kwa jina la Mpemba. Mwanafunzi alikuwa yuleyule na swali lilikuwa lilelile. Lililobadilika ni sikio.

Jambo la tatu ni ruhusa ya kukosea kidogo. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mahali ambapo kila donge lililoharibika hukatwa katika mshahara, hapana mtu atakayejaribu kitu. Kwa nini ajitie hatarini kwa faida ya mwingine? Atafuata desturi hata akijua ni mbaya, maana aliyeharibu kwa kufuata desturi halaumiwi.

Jambo la nne ni wenzi wa kazi. Mara nyingi si bwana auaye wazo, bali ni jirani wa benchi moja. Akimwona mwenziwe anaongea na mkubwa, husema, "Anajipendekeza, kesho atakuwa kapita juu yetu." Husuda ya namna hiyo ina nguvu kuliko amri. Lakini nayo ina mzizi: hukua sana mahali ambapo sifa ni chache na mkubwa humpenda huyu na kumchukia yule. Pale ambapo wazo la mmoja huwaletea wote nafuu, wenzi huwa walinzi wake.

Jambo la tano ni haki. Mtu aliyeona ametajwa? Aliyeongeza faida ameonja faida? Haipasi kila neno lilipwe fedha, maana wengi hutosheka kwa heshima. Lakini heshima bila kitu chochote, mwaka baada ya mwaka, mwishowe huwa maneno matupu.

Tena yafaa kukumbuka historia. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji iliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi, na walowezi walihitaji vibarua katika mashamba yao. Katika mashamba ya zama zile kibarua alihesabiwa kwa mikono yake. Kufikiri kulikuwa kwa mzungu, na kusimamia kulikuwa kwa kapita. Kibarua alijua kwamba neno la kuzidi huleta adhabu. Aliyejifunza kunyamaza aliwafundisha wanawe kunyamaza. Wakoloni wamekwisha kuondoka, lakini bwana mwafrika asemaye, "Hukuajiriwa kufikiri," amevaa kofia yao bila kujijua.

Labda mwenye mali atasema: "Maneno haya ni mazuri, lakini kila kibarua akibadili kazi apendavyo, maziwa yote yatamwagika. Kazi hudumu kwa utaratibu." Neno hilo lina ukweli wake, wala halipasi kudharauliwa. Jibini yenyewe ni kazi ya utaratibu. Asiyepima chumvi huharibu jasho la wote. Ila utaratibu si adui wa wazo jipya. Bwana wa tatu hakuvunja utaratibu: alitoa madonge matano, akaacha mengine, akaweka siku ya kulinganisha. Kampuni ya Toyota ya Japani, isifiwayo duniani kwa utaratibu wa viwanda vyake, ilianza mwaka 1951 desturi ya kuyakusanya mashauri ya wafanyakazi na kuwatuza. Tena katika viwanda vyake iliwekwa kamba ambayo mfanyakazi yeyote aonaye kasoro ana ruhusa ya kuivuta ili kumwita msimamizi. Kasoro isipoondolewa upesi, mstari mzima wa kazi husimama. Wenye mali wale waliona ni afadhali kazi isimame dakika chache kuliko kasoro isafiri mpaka kwa mnunuzi.

Na hapa swali linakuwa zito zaidi, maana katika Masisi hiyohiyo kuna kazi ambayo kunyamaza hakuharibu jibini bali huua watu. Huko Rubaya maelfu ya watu wamechimba koltani kwa mikono, kwa sururu na sepeto, katika vilima vilivyotobolewa kila upande. Madini hayo hutumika katika simu na mitambo mingine ya umeme duniani pote. Zaidi ya mara moja udongo umeporomoka, hasa wakati wa mvua, na wachimbaji wamefunikwa. Mchimbaji wa namna hiyo kwa kawaida hana mshahara wa mwezi. Hupata kwa kadiri ya mzigo alioutoa. Basi na afikiriwe mtu aliye shimoni aonaye ufa mpya juu ya kichwa chake, na maji yakichuruzika pale yasipokuwapo jana. Akipanda kuwaonya watu, anaacha kuchimba. Akiacha kuchimba, wanawe hawali jioni hiyo. Wazo la kuweka mti wa kushikilia udongo, au la kuchimba mfereji wa kupitisha maji, halina uzito katika mizani ya mnunuzi. Hivyo namna ya kulipa yenyewe imekwisha kumwambia, "Usitazame juu." Hana kamba ya kuvuta.

Je, mtu huyo akinyamaza ana hatia? Na kijana wa jibini akinyamaza, naye je? Ni lazima kuyatenganisha mambo mawili. Liko wazo liongezalo faida, na liko wazo liokoalo uhai. La kwanza mfanyakazi hana deni la kulitoa bure kwa mtu amdhulumuye. Akiwa amefanya kwa uaminifu kazi aliyopatana, hawezi kuitwa mwizi kwa kuwa hakumtajirisha bwana wa pili. Lakini la pili halina bei. Aonaye ufa juu ya vichwa vya wenziwe yampasa aseme, hata kama atachekwa, hata kama atapoteza mzigo wa siku, maana uhai wa mwenzi si mali ya bwana wala si bidhaa ya kupatana. Hata hivyo, ikiwa watu wamewekwa mahali ambapo kusema kweli ni kulala na njaa, hatia iliyo kubwa ni ya wale walioipanga kazi hivyo, na ya wale wanunuao bila kuuliza.

Wasomaji wanaijua habari ya mtumishi aliyeizika talanta yake ardhini. Mara nyingi huhubiriwa uvivu wake tu. Lakini yeye mwenyewe alipoulizwa alitaja sababu nyingine: aliogopa, kwa kuwa alimhesabu bwana wake kuwa mtu mgumu. Udhuru huo haukumwokoa, wala haupasi kuwa udhuru wa mtu mvivu. Ila waufundisha ulimwengu jambo moja la kweli juu ya moyo wa mtumishi: palipo na hofu, mali huzikwa. Bwana atakaye mali izae, aanze kwa kuiondoa hofu.

Basi akili ya mfanyakazi ni mali ya nani? Si ya bwana, maana hakuinunua, wala hawezi kuilazimisha. Fimbo yaweza kumfanya mtu ageuze madonge mia. Haiwezi kumfanya aone ufa. Wala si ya mfanyakazi peke yake, kama senti aifichayo katika nguo, kwa kuwa amepewa ili iwafae watu anaoishi na kufanya kazi pamoja nao. Ni amana iliyo mikononi mwake, na funguo zake ni mbili: moja anao yeye, nao ni bidii na ushujaa wa kusema, wa pili anao mkubwa wake, nao ni sikio na haki. Mlango haufunguki kwa ufunguo mmoja.

Kazi hiyo haianzi siku ya kuajiriwa. Huanza darasani, mtoto anapoinua mkono kuuliza neno ambalo mwalimu hakulitazamia. Huanza nyumbani, binti anapomwambia mama kwamba mafiga yakisogezwa moshi utapungua. Mwalimu akicheka, mama akikemea, kibarua wa kunyamaza amekwisha kutengenezwa. Lakini mkubwa akiinama na kuuliza, "Umeonaje hata ukajua hivyo?" mtoto atayakumbuka maneno hayo atakapokuwa mtu mzima, amesimama shimoni au penye mbao za jibini, na jambo jipya liko mbele ya macho yake.